Mashine Yenye Mkono Mzuri

Mama Pindo alipokuwa na cherehani ya miguu, alikuwa fundi. Alipopata ruzuku ya serikali, akawa mlinzi wa chuma.

Aliomba cherehani ya pili. Akaambiwa kifaa cha ushonaji kilichopo ni mashine ya kutarizi tu, kubwa, ya umeme. Heri hiyo kuliko kukosa, akatia saini. Ilipoingia ilimeza chumba, pakabaki pa kitanda tu, ikabidi cherehani yake ya zamani aihifadhi kwa wifi yake. Kumbe umeme wa nyumba hauiwezi. Ukiiwasha, nyumba nzima giza. Na masharti hayakuwa na mzaha: isiuzwe, isiazimishwe, isihamishwe. Basi kila asubuhi alikwenda barazani kwa wifi kuomba zamu ya cherehani yake mwenyewe, na wifi alishaanza kuiita "yangu".

Ukaguzi ulipotangazwa, wenzake wa kikundi walimjia. Mmoja alingoja jiko la mikate, mwingine pampu ya maji, na maombi yao yote yalisimama nyuma yake: akionekana ameshindwa, hawapati kitu. Walimsihi kwa upole, na upole ule ndio uliomshinda.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akatarizi ua kitambaani kwa mkono mpaka vidole vikamuuma, akalitega chini ya sindano ya mashine.

Afisa wa ruzuku alikuwa kijana mstaarabu, huna pa kumchukia. Alitaka kuiona ikifanya kazi. Akaambiwa umeme umekatika, wala hakushangaa. Akainama kulitazama ua.

"Mashine hii ina mkono mzuri," alisema. Kisha akafunga faili lake. "Mama, tunataka kurekebisha huu utaratibu. Niambie ukweli, kuna linalokusumbua?"

Ukweli ukamjaa kinywani. Alitaka kuusema, Mungu anajua alivyotaka. Lakini mlangoni walikuwa wenzake, wamemkazia macho.

"Hakuna, mwanangu. Tunashukuru."

Afisa alifurahi kutoka moyoni. Alisema wengi huacha vifaa vishike kutu uani, na mtu kama huyu ndiye wa kutiwa moyo. Maombi ya wenzake yatapita. Wakapiga makofi.

"Na wewe mama, tunakuongezea ya pili, kama hii hii. Inakuja wiki ijayo, utafute pa kuiweka."

Mama Pindo akageuka, akakitazama kitanda chake.