Chumba cha Macho

Mtoto alikuwa bado tumboni, ubongo wake mdogo kuliko punje ya maharage, lakini kelele zilizokuwa humo ndani, usiseme. Vinasaba viwili, mtu na wifi yake, walikuwa wanagawana vyumba vya ubongo huo: kipi kitaongoza mikono na midomo, kipi kitapokea habari za macho. Wifi wa Mbele alisimama kwenye ukuta wa mbele akiita, "Mikono huku! Midomo huku!" Wifi wa Nyuma aliita kutoka ukuta wa nyuma, "Macho huku!" Sauti zilipokutana, hapo ndipo kiambaza kilipoota. Hakukuwa na kamba ya kupimia wala shahidi. Koo tu.

Asubuhi ile Wifi wa Nyuma alifungua kinywa, ikatoka pumzi kavu.

"Mama wee! Wifi, umemeza pamba?" Wifi wa Mbele akacheka, kisha akapaza sauti zaidi.

Viambaza vikaanza kurudi nyuma. Chumba cha mikono kikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Cha macho kikabaki kama kabati la viatu. Na wageni, zile nyuzi zinazoleta habari za macho, walikuwa njiani na mizigo yao. Wakikosa pa kufikia, mtoto atafumbua macho aone nini?

Wifi wa Nyuma akamkimbilia pacha wake. Maana kila kinasaba huja wawili, mmoja wa upande wa mama, mwingine wa upande wa baba, na huyu wa baba alikuwa amejifunika gubigubi tangu siku ya kwanza.

"Amka uniitie, ndugu yangu," akanong'ona.

"Nani kanialika? Mmeanza kazi bila hata kunibishia hodi!"

"Hodi basi! Hodi, hodi, hodi!"

Pacha akainuka. Lo, sauti! Lakini kwa kuwa alikuwa na adabu zake, akaenda kusimama mbele kabisa, kwenye mlango, kwani mgeni hupokewa mlangoni. "Macho huku!" Chumba cha macho kikaanza kumea chini ya miguu ya Wifi wa Mbele.

"Mtoeni huyu!" akapiga ukunga. "Mikono yangu itakaa wapi?"

Wifi wa Nyuma akamvuta pacha kwa kiuno. Wifi wa Mbele, yule yule aliyekuwa akicheka, akamsukuma kwa mabega mpaka nyuma.

"Haya, macho huku," pacha akaita, amenuna, "kama adabu haitakiwi."

Viambaza vikasogea, vikatulia.

Mgeni wa kwanza akafika, akatua mzigo, akapapasa ukuta.

"Chumba kizuri, mama mwenye nyumba. Taa iko wapi?"

"Taa!" Wifi wa Nyuma akakwaruza. "Mtoto hajazaliwa, mwenzangu. Sogea huko, wenzako wanaingia."