Malaika Aliyekana Sufuria ya Uji

Wewe unayesoma hapa, usijifanye mgeni. Usiku wa jana niliota, na wewe ulikuwemo ndotoni. Ulikaa benchi la nyuma kanisani, na swali lilipoulizwa ukageuka ukatazama ukuta. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu. Nilikuona. Mimi nina ubaya mmoja: sisahau.

Ngoja kwanza nikueleze nililala na nini kichwani, usije ukasema ndoto za wazee ni gesi tumboni.

Nina kitabu. Ni tenzi za kumshukuru Mungu, nilizozitunga mwenyewe, mimi Yeremia Shemhina, mtu aliyejifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Leo asubuhi muswada unaondoka kwenda kwa mchapaji mjini Tanga. Jana jioni kamati ya vitabu ya usharika wetu ilikuwa imeupitisha wote, ukabaki ubeti mmoja tu. Huu hapa:

Njaa ilipotubana,
Moto jikoni hapana,
Bi Tausi aliona,
Uji akatuletea.

Bi Tausi ni jirani yangu. Mwaka ule niliposimama mbele ya ofisi ya shamba la mkonge nikadai mabuti na glavu kwa wakataji, nilifukuzwa kazi kabla sijamaliza kusema, na milango ya mtaa mzima ikafungwa. Watu waliogopa kuonekana nami. Mlango wake ndio uliofunguka. Kila alfajiri alituletea uji, mimi na mke wangu na watoto, mpaka nilipopata kibarua kwingine. Sasa ni mzee, macho yamekwisha, hatoki kitandani. Juzi aliniambia, "Yeremia, kitabu kikitoka nisomee pale nilipo mimi. Usinisomee chote, nitasinzia."

Mwalimu Kaniki, mwenyekiti wa kamati, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Ndugu Yeremia, hiki ni kitabu cha kuwatia moyo Wakristo. Utukufu ni wa Mungu peke yake. Na huyu mama ni Mwislamu, watu watauliza maswali. Weka malaika. Hesabu mwenyewe: 'Malaika aliona.' Silabi nane, na kina kile kile. Hakuna kitakachoharibika."

Nikahesabu. Kweli ni nane. Nilikuwa nimechoka. Nikaandika malaika, nikalala.

Sasa niko barabara kuu, kwenye mizani ya malori, ila hakuna malori. Waliopanga foleni ni beti zangu. Kila ubeti una miguu minne, kwa kuwa una mishororo minne, na kila mmoja umebeba mzigo wake mgongoni. Mpimaji ni kifutio cha rangi ya waridi, kimevaa kizibao cha kung'aa kama askari wa barabarani.

"Pita," kinasema. "Pita. Wewe kina chako kinachechemea, lakini pita, naona umetoka mbali."

Ubeti wa uji unapanda. Kifutio kinatazama mshale, kinagonga kioo kwa ukucha.

"Huu mtupu."

"Silabi zake nane nane," nasema.

"Nane zipo, sikatai. Lakini mshale haujainuka. Humu mlibeba nini?"

"Uji."

"Nani kaubeba?"

"Malaika."

Kifutio kinanitazama kama askari aliyeambiwa dereva ameenda kujisaidia.

"Mlete basi mwenye mzigo. Bila mwenye mzigo, haupiti."

Nageuka kumtafuta, na barabara haipo tena. Nimesimama kanisani kwetu, Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo kwetu kila mtu huleta alichovuna, na ibada ikiisha vitu hunadiwa. Lakini hakinadiwi kitu mpaka kitangazwe kimetoka kwa nani, ili aliyetoa aombewe kwa jina. Hata yai moja lina mwenyewe.

Mnadishaji ni jogoo. Yeye mwenyewe aliuzwa kwenye mnada huo huo mwaka juzi, akaliwa, lakini hana kinyongo.

"Mkungu wa ndizi, wa nani?"

"Wa Mama Mbelwa!" kanisa linaitika.

"Mungu ambariki Mama Mbelwa. Maboga?"

"Ya Hoza!"

"Mungu ambariki Hoza, na mwakani alete makubwa kidogo. Sufuria ya uji, una pilipili manga na ndimu. Ya nani?"

Kila mtu anatazama viatu vyake.

Sufuria iko mbele ya madhabahu, inafuka mvuke. "Semeni basi," inasema. "Ninapoa."

Hapo ndipo ulipotazama ukuta.

Mwalimu Kaniki anasimama, anakohoa. "Ya malaika!"

"Ya malaika!" kanisa linaitika kwa furaha kubwa, kama watu waliotuliwa mzigo. "Amina!"

"Si yangu," inasema sauti mlangoni.

Ni malaika. Nimemjua kwa sababu amefunga mabawa yake kwa kamba ya katani, kama mtu aliyehama na godoro. Anachechemea. Nyayo zake zimejaa mbigili.

"Si yangu," anarudia. "Mimi sina sufuria. Sina hata mwiko. Sijawahi kukoroga kitu tangu niumbwe. Na tangu jana jioni naulizwa huko kwetu, 'Wewe, uji ulipata wapi?' Nasema sijui. Wananiambia, 'Mbona umeandikwa?' Jamani, mnaniaibisha."

Mwalimu Kaniki ana adabu, hata ndotoni. "Karibu mgeni. Una barua ya utambulisho kutoka usharika wako?"

"Sina usharika."

"Lakini umetoka wapi?"

Malaika anaonyesha juu kwa kidole.

"Lushoto?"

"Juu zaidi."

Mwalimu anatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bila barua hatuwezi kupokea ushuhuda wako. Si kwa ubaya, ndugu yangu. Ni utaratibu."

Malaika anakaa chini na kuanza kung'oa mbigili, moja moja.

Hasira ikanipanda. Unanijua, au kama hunijui sasa utanijua. Napanda juu ya benchi.

"Nawakumbuka wote!" nasema. "Wewe Hoza, nilipobisha uliongeza sauti ya redio! Ilikuwa inatangaza bei ya korosho, na wewe korosho huna! Wewe Mama Mbelwa uliniambia mmelala, jua liko utosini, na mwenyewe ndiye uliyejibu! Na wewe benchi la nyuma, uliyekodolea ukuta macho, usidhani sikuoni! Nakumbuka kila mlango, rangi yake na bawaba zake!"

"Tunaomba radhi," anasema Hoza. "Redio ilikuwa mbovu, ikipanda haishuki."

"Nyamaza!"

"Umemaliza?" inauliza sufuria.

"Bado."

"Maliza basi, nitangoja. Ila nina neno. Waliofunga milango unawajua kwa majina, mpaka na redio zao. Aliyefungua umemfuta jana kwa kalamu yako mwenyewe, na hata jasho halikukutoka."

Nashuka kwenye benchi. Hakuna anayecheka, na afadhali wangecheka.

Malaika anasogea, ananipa nafasi nikae karibu naye. Ananong'ona, kwa kuwa ushuhuda wake haujapokelewa rasmi.

"Nikuambie kweli, bwana. Siku ile nilitumwa. Mlisali, si mlisali?"

"Mke wangu alisali. Mimi nilikuwa nagombana."

"Yote yalifika. Nikaambiwa, kimbia kwa yule mama, mguse bega, mwambie watoto wa jirani hawajala. Nikakimbia, wallahi sijawahi kukimbia vile. Kufika, nikakuta moto umeshawaka na uji unatokota. Nikasimama mlangoni na ujumbe wangu, kama mtu aliyefika harusini akakuta watu wanaosha vyombo. Akatoka na sufuria kichwani. Akaniambia, 'Nipishe, baba, kuna watoto wananingoja.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikampisha. Hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya siku ile. Ukiona lazima uniandike, andika kwamba nilipisha."

"Na aliyekutuma ulimwambia nini?"

"Nilirudi na aibu. Nikasema, Bwana, nimechelewa, alishaanza. Akafurahi mpaka nikashangaa. Akasema, 'Huyo huwa hangoji kuambiwa.'"

Nainama nimsaidie kung'oa mbigili. Na nikiinua uso, kanisa limekuwa chumba cha Bi Tausi. Usharika mzima umo ndani, umebanana kwenye mkeka mmoja, magoti kifuani. Jogoo yuko dirishani. Bi Tausi amelala kitandani, khanga imefika kidevuni.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Yeremia, umeniletea mji mzima chumbani, na mimi sijafagia?"

"Wamekuja wenyewe, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Haya, nasikia nimegeuka malaika." Anacheka mpaka kitanda kinalia. "Malaika gani ananuka moshi wa kuni? Malaika gani aligombana na mchuuzi wa mtama akamwita shetani hadharani? Mtanitia matatani kwa Mungu. Nisomee, nisikie walivyonivisha mabawa."

"Bi Tausi, ule ubeti tumeurekebisha kidogo..."

"Nimesema soma. Nimekungoja."

Nafungua muswada. Nasoma mshororo wa kwanza. Nasoma wa pili. Nikifika wa tatu, neno Malaika linanyanyuka karatasini, linajipangusa wino, linashuka taratibu kwenye mkono wangu na kumwendea mwenyewe. Malaika analipokea kwa mikono miwili. Anashukuru, anasema alikuwa hana raha bila hilo.

Karatasini pamebaki pengo. Kwenye pengo panatoka harufu ya ndimu.

Bi Tausi ananyoosha shingo upande wangu. "Mbona umenyamaza? Uji aliuleta nani?"

Sufuria inajiinamisha yenyewe, inamimina kikombe kimoja, inampa Mwalimu Kaniki. Anakunywa. Miwani yake inaingia mvuke, wala haifuti.

"Mwenyekiti," anaita jogoo kutoka dirishani, "sufuria hii ni ya nani?"

Watu wote wanamtazama. Mwalimu anafungua mdomo.

Wakati huo huo malaika ananigusa kiwiko. "Samahani, mimi niende. Mbigili za kwenu hazina huruma. Niazime kandambili zako."

Nampa. Anazigeuza geuza. "Ipi ya wapi?"

"Ya kulia, mguu wa kulia."

Anavaa ya kulia mguu wa kushoto.

"Hivyo sivyo."

"Usinisemeshe," anasema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza." Akaenda zake, pata pata pata, akipishana na watu mlangoni.

Nikazinduka. Jibu la Mwalimu Kaniki sikulisikia.

Kulikuwa kumepambazuka. Nikateremsha miguu kupapasa kandambili zangu chini ya kitanda, ninapoziacha kila siku. Hazipo. Nikafungua mlango. Zilikuwa kizingitini, zimelowa umande, ya kulia imekaa kushoto na ya kushoto imekaa kulia, kama alivyozivua mtu asiyezoea kuwa na miguu. Mimi sikutoka usiku. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Nikasimama pale nikalia. Si kwa huzuni, nielewe vizuri. Nimebeba hasira miaka yote hii nikidhani ndiyo iliyonishikilia nisianguke, kumbe nilikuwa nimesimama kwa uji wa mtu. Nikasema: Mungu wangu, asante kwa Bi Tausi. Asante kwamba hangoji kuambiwa. Asante kwamba nimeamka naye yu hai, na masikio anayo.

Kisha nikachukua kalamu. Nimemkata malaika kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa heshima, na jina la mama yule nimelirudisha mahali pake. Sasa hivi naenda kumsomea, naye atasikia nilichotunga kabla mchapaji hajakiona. Nikitoka hapo nabisha kwa Mwalimu Kaniki na muswada mkononi, nimuulize uso kwa uso uji ule ulikuwa wa nani. Akisema wa malaika, basi kitabu hakiendi Tanga. Afadhali kisiwepo. Lakini nina matumaini naye. Nilimwona alivyokunywa.

Imebaki zamu yako, wewe wa benchi la nyuma. Usiniambie kwamba ulishamshukuru Mungu. Vizuri, hata mimi nilimshukuru, kurasa nzima. Kuna mtu alikufungulia mlango wengine walipoufunga. Alikulisha, au alikulipia, au alikuficha, au alikaa tu na wewe msibani mpaka watu wakaisha. Ana jina, na ukilitafuta unalo mdomoni. Huenda wa dini nyingine, huenda mkali wa maneno, huenda ana harufu ya moshi. Acha kutazama ukuta. Weka chini karatasi hii, usingoje Jumapili, usingoje mazishi uje kumsifu akiwa hasikii. Inuka uende kwake sasa hivi, umtaje kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu.