Fisi Aliyeazima Miguu

Kazini walimwita Siki, na jina likamkaa. Alikuwa fundi wa filamu katika hifadhi ya kumbukumbu, na filamu ikianza kuoza hunuka siki. Harufu hiyo ilimwingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye mto wa kulalia. Mkewe alizoea kumwambia, "Wenzangu waume zao wakirudi kazini wananuka jasho. Wangu nikimkatia kitunguu tu ni saladi."

Jengo lilikuwa moja, lakini kila chumba kilikuwa na uozo wake. Chumba cha kwanza kilijaa mafaili na ramani zilizotobolewa na wadudu. Cha pili kilikuwa cha picha, za karatasi na za vioo. Cha tatu kilikuwa na kanda za sauti: hotuba, nyimbo, kesi za mahakamani, na kanda moja ya mtoto anayelia ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Cha nne kilikuwa na diski za zamani ambazo kompyuta za leo hazizijui hata kwa salamu. Cha mwisho kilikuwa cha filamu. Kazi ya wote ilikuwa kuviingiza vitu hivyo kwenye kompyuta kabla havijawa taka. Walikuwa wakikimbizana na uozo, na uozo ulikuwa mbele.

Asubuhi moja Siki alifungua bati la filamu lililoandikwa ubavuni kwa rangi: Shule ya viziwi, watoto wanasimulia. Akainua ncha ya filamu kwenye mwanga, akaisogezea kioo cha kukuzia. Msichana wa miaka kama kumi alikuwa amesimama mbele ya ubao. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa katikati na kovu.

Siki aliijua nyusi ile. Alikuwa ameiosha alfajiri hiyo hiyo, kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu.

Mama yake hakuwahi kusikia sauti ya mtu. Alisema kwa mikono, na alikuwa msemaji hodari. Alisengenya kwa mikono, alitania kwa mikono, na ukimkosea alikufokea mpaka ukageuza uso usisikie. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukafa. Wa kushoto ukabaki kutetemeka tu, vidole havishiki neno. Majirani walipokuja kumpa pole walisema, heri ulimi wake umesalimika. Siki aliwatazama, asijue awacheke au awafukuze.

Zamani mama alikuwa akimsimulia kitandani hadithi moja, ya fisi aliyeona haya kwa ajili ya miguu yake ya nyuma, akaenda kuazima ya wenzake. Alianza kwa swala, akafukuzwa. Akaenda kwa punda, akapigwa teke. Mwisho akabisha hodi kwa kobe. Hapo ndipo Siki alipokuwa akisinzia, kila mara. Mtoto wa mama anayesikia akifumba macho, hadithi humfuata gizani. Mtoto wa kiziwi akifumba macho, hadithi imekwisha. Siki hakuwahi kuona mwisho wake. Alipokuwa mtu mzima aliona aibu kuuliza, baba mzima na ndevu zake, habari za fisi. Akajiambia atauliza siku nyingine. Siku nyingine ikaja na kiharusi.

Na sasa msichana kwenye filamu alikuwa amekunja mabega na kuinua vidole viwili juu ya kichwa. Fisi. Siki akajaribu kufuata picha moja moja kwa kioo chake. Kazi bure. Mkono kwenye picha moja ni mkono tu, maneno yamo kwenye mwendo. Tena kuanzia hapo filamu ilikuwa imegandamana na kuota ukungu.

"Hiyo ina sauti?" bosi aliuliza kutoka mlangoni.

"Haina."

"Itie kwenye za kutupa. Muda wa mtambo wa kunakili hautoshi hata kwa zenye sauti, sembuse bubu."

"Hawa ni viziwi, bosi. Ulitaka waimbe?"

Bosi alicheka bila kutaka. "Siki, maneno yako kama jina lako. Nani atakuja kuitazama?"

"Mimi."

"Wewe unalipwa kutazama."

"Huyu ni mama yangu."

Bosi akainamisha macho kwenye viatu vyake. Halafu akasema, "Ijumaa mtambo unaenda matengenezo. Ipitishe kabla ya hapo. Na hiyo hali yake naiona, itapita mara moja tu. Ikikatika, usije kunililia ofisini."

"Mara moja inatosha."

Siki aliiuguza ile filamu kama mgonjwa. Aliifukiza mvuke mpaka ikaachana. Aliifuta ukungu kwa pamba. Tundu za pembeni zilizochanika alizitia viraka moja moja kwa utepe mwembamba, kwa maana tundu moja likikwama kwenye meno ya mtambo, kazi yote imekwenda na maji. Chakula cha mchana kilipoa mezani. Mgongo ulimuuma, macho yakamwasha. Jioni alirudi nyumbani, akamgeuza mama yake kitandani, akamwambia kwa mikono, "Nimekuona. Ulikuwa mdogo. Nitakuletea." Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ukatikisika juu ya shuka, ukashindwa.

Alhamisi akaibeba filamu mpaka chumba cha mtambo. Dada aliyeuendesha mtambo alikuwa mkarimu, na mkono wake ulikuwa mzuri.

"Dada, hii ipitishe polepole. Haina maisha ya pili."

"Kaka Siki, nimepitisha filamu kuukuu kuliko babu yako. Wewe simama huko mwisho uipokee."

Siki akasimama mwisho wa mtambo, mikono mbele, kama anayepokea mtoto. Hakutazama kioo cha kompyuta hata mara moja. Macho yake yote yalikuwa kwenye viraka alivyobandika. Filamu ilitoka ikipukutika, picha zikibanduka kama magamba ya samaki na kumwangukia viganjani. Lakini haikukatika. Ncha ya mwisho ilipotoka, alikaa chini sakafuni.

"Imepita," dada akasema, naye jasho linamtoka. "Picha safi kabisa. Nimeijaza kioo chote, utapenda."

"Sitatazama sasa. Nitatazama naye."

Nyumbani alimwinua mama yake, akamwegemeza kwa mito, akaweka kompyuta mapajani mwake. Mkewe akasimama nyuma yao. Picha ikafunguka. Msichana alijaza kioo: nyusi yenye kovu, meno mawili makubwa, shavu linalong'aa. Uso haukuwa na doa.

Msichana akaanza kusimulia, na Siki akaona.

Filamu za zamani ni nyembamba, na vioo vya siku hizi ni vipana. Wakubwa hawakupenda weusi unaobaki pembeni. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa kuijaza picha kioo kizima, na kile kinachozidi juu na chini mtambo haukukihifadhi. Sura zilibaki, na watu wanataka sura. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakuona viatu vya waziri.

Mikono ya msichana ilikuwa chini ya kioo. Mara moja moja ncha za vidole zilichomoza, kama za mtu anayezama, zikarudi chini. Uso ulikunja nyusi, ukapuliza mashavu, ukatumbua macho. Ni kwa punda, au ni kwa kobe, Siki hakujua. Dada hakukosea. Alifanya kama alivyofanya siku zote. Na yeye Siki, mtoto wa kiziwi, alimwambia dada "polepole", hakumwambia "mikono".

Mama alitazama bila kupepesa. Karibu na mwisho mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

Siki akamshika kidevu, akamgeuza taratibu. "Fisi alifanyaje?" akauliza kwa mikono. "Kwa kobe. Alifanyaje?"

Mama akamtazama. Akainua nyusi, akapuliza mashavu, akatumbua macho. Ulikuwa uso ule ule wa kwenye kioo. Mikono yake ililala juu ya shuka.

Mkewe akauliza kwa sauti ndogo, "Anasemaje?"

"Sijui."

Ijumaa asubuhi mafundi walikuwa wakiufungasha mtambo. Dada alikuwa akizungusha nyaya.

"Mama kafurahi?"

"Kacheka."

"Nimeshukuru mno, kaka."

Siki akasimama kidogo, mikono mfukoni. "Ikija filamu nyingine ya viziwi," akasema, "uache weusi wa pembeni. Usikate chini."

Dada akaacha nyaya. Ikamchukua muda, kisha akaweka mkono mdomoni. "Ipo nyingine?"

"Hapana," Siki akasema, akaenda kufungua bati lililofuata.