Mibonyeo ya Mjomba

Mbonyeo nikiunyoosha mimi, hata gari lenyewe husahau liligongwa wapi. Ndivyo nilivyomwambia bibi siku mjomba alipoleta amri yake, nikiwa nimeegemea boneti, mikono mfukoni, kama fundi mkuu anayesubiri kupigwa picha.

Amri ilikuwa fupi. Mjomba angekuja Jumapili kulikagua gari, kwani kwake kila mkwaruzo ulikuwa ushahidi kwamba mama yake amezeeka, haoni vizuri, na funguo zichukuliwe kabla hajaua mtu. Bibi husambaza mayai madukani kwa gari hilo tangu mimi sijazaliwa. Bila gari hakuna mayai, na bila mayai angebaki sebuleni akiulizwa kutwa kama amekunywa dawa.

"Aje akague mayai," bibi alisema. "Anionyeshe hata moja nililopasua njiani. Bati si lake."

Nikaanza na mlango wa dereva. Niliugonga kwa ndani kwa nyundo ya mpira, bonde likageuka kilima. Nikakisugua kilima kwa msasa, nikapaka juu puti ya kuzibia mabonde, nayo, kwa haraka zangu, ikapasuka kama kisigino cha kiangazi. Rangi nilinunua kwa kukisia. Ilipokauka, gari lilikuwa kijani cha chupa na kiraka changu kijani cha chura.

Bibi alikitazama. Akasema gari lilikuwa na jeraha, sasa nimeliongezea ugonjwa.

Akaniamuru nikwangue kila kitu. Msasa akaukunja kwenye kipande cha ubao, akafumba macho na kupitisha kiganja mlangoni, maana jicho husamehe, kiganja hakisamehi. Kisha akang'oa kifuniko cha tundu la mafuta, akanituma nacho dukani rangi ichanganywe mpaka ifanane nacho. Safari hii hata mimi nilikitafuta kiraka nisikione.

Nilipohamia kwenye mbonyeo wa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, akanishika mkono.

"Huo si wangu. Mjomba wako alijifunzia gari hili. Huo ni nguzo ya umeme, ule wa boneti ni ukuta wa jirani. Yangu tuinyooshe, mume wangu. Yake iache kama ilivyo."

Mbonyeo wa bibi ulikuwa ule wa mlangoni tu, na rangi iliyobanduka kidogo chini ya taa. Ya mjomba ilijaa gari zima. Bibi akaniamuru niioshe kwa sabuni ili ionekane vizuri.

Jumamosi bibi akiwa ameenda sokoni kwa miguu, niliamua kulisogeza gari kivulini, vumbi lisishike rangi mbichi. Nikapiga rivasi, jicho moja kwenye kioo, la pili likiustarehekea ule mlango. Pipa la maji likanipokea. Buti la nyuma likapata mbonyeo mpana kama sahani. Nikaupaka vumbi, bibi asiuone.

Jumapili mjomba akafika, akaanza kugonga bodi kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Bibi akatembea naye bega kwa bega, akimweleza kwa upole: hapa ulikuwa umeniambia unajua, hapa ulisema breki ndizo mbaya, hapa ulilia. Shingo ya mjomba ikazidi kuwa fupi. Alikuwa ameshavua miwani aondoke zake alipofika kwenye buti. Akainama. Sauti ikamrudia.

"Na huu, mama? Huu mpya. Nao ni wangu?"

Bibi naye akainama kuutazama. Nikaona vidole vyake vikizibana funguo. Mimi nikadakia kwamba huo ni wa zamani sana, mjomba ameusahau tu, umri nao.

Mjomba akanyoosha mkono. "Lete funguo, mama."

Ng'ambo ya ua, fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani kwake akakata uzi kwa meno.

"Mama yako jana alikuwa sokoni," alisema bila kuinua kichwa. "Aliyeligonga pipa ni huyo kijana, mchana kweupe. Kisha akalikumbatia, akalirudisha mahali pake, akaliomba radhi. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Bibi akazitumbukiza funguo kifuani. Kisha wote wawili, mama na mwana waliokuwa wakigombana tangu asubuhi, wakageuka kwa pamoja kunitazama mimi.