Mashine Haikosei

Kaka yangu Ridhaa hajawahi kupigilia msumari ukaenda wima. Kabati aliloliunga akiwa kidato cha pili bado liko kwa shangazi, limeegemezwa ukutani lisianguke, na hakuna anayethubutu kulifungua. Huyo ndiye aliyenunua mashine ya CNC, ile inayochonga mbao na alumini kwa kufuata kompyuta, akaiweka kwenye gereji ya nyumba yake ya Lavington. Gari akalitoa nje linyeshewe.

Siku ya kuifunga alinialika nikashuhudie. Nilitoka Kilimani nikakuta watu wamejipanga kama wanaomsubiri bibi harusi. Wifi yangu Mishi alikuwa amekaanga sambusa. Mlinzi aliacha geti lake akaja kuchungulia. Ridhaa alivaa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mashine yenyewe ilikuwa meza ya chuma yenye mkono ulioshika kisu kidogo cha kuzunguka, na fundi aliyeileta, Mutiso, alikuwa amepiga magoti akisawazisha miguu ya meza kwa pimamaji. Ridhaa alimsimamia kichwani akimweleza mambo aliyoyaona YouTube.

"Hii kitu ni rahisi, Mutiso. Watu wanaogopa tu bure. Mashine haikosei. Ni sisi watu tunakosea."

"Ni sawa, boss," Mutiso akajibu, bila kuinua kichwa.

Niseme mapema kilichonipeleka, maana si sambusa. Baba yetu, Maalim Mbarak, ana chuo cha Kurani ghorofani huko mjini, nyuma ya maduka ya Biashara Street. Amewasomesha watoto wa wenye maduka tangu mimi sijazaliwa. Sasa magoti yake yamezikataa ngazi, na alikuwa ametangaza kwamba siku ya pili yake, Ijumaa, baada ya sala, angemkabidhi Ridhaa funguo mbele ya kamati. Ridhaa huyu hajafungua msahafu tangu aingie chuo kikuu. Baba akimuuliza kama anasoma, hujibu "Alhamdulillah", na Baba huridhika, kwa kuwa mtoto wa kiume akishasema alhamdulillah mambo yamekwisha. Anayefundisha wasichana pale kila Jumamosi ni mimi. Funguo zile nilizitaka mimi. Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeniuliza.

Kwa ajili ya Ijumaa hiyo Baba aliandika kwa mkono wake maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana barua wazee wake kule Lamu: Kuuliza si ujinga. Alitaka yachongwe kwenye ubao, utundikwe juu ya mlango wa chuo. Ridhaa akasema hiyo ndiyo itakuwa kazi ya kwanza ya mashine yake. Akaipiga picha ile karatasi, akaitia kwenye kompyuta.

Soketi ya gereji iko ukuta wa nyuma, basi kompyuta nayo ikawekwa nyuma, na Ridhaa akasimama huko huko nyuma ya mashine, sisi wote tuko mbele. Akabonyeza kitufe cha kulia. Mkono wa mashine ukaenda kushoto kwake.

"Mnaona? Hawa watu wa China wameunga wire vibaya," akasema, amefurahi kama aliyemkamata mwizi. "Hiyo nitabadilisha kwa settings."

"Boss, labda ni vile umesimama hapo nyuma."

"Nimewatch hizo video zote, bana. Najua."

Akabadilisha. Akabonyeza kulia, mkono ukaenda kulia kwake, akatutazama mmoja mmoja tupate kumsifu. Mishi akamsifu. Mutiso akafuta mikono kwa kitambaa.

Wakaijaribu. Mashine ikachonga mraba, kisha duara. Ridhaa akapima na rula, akapima tena, hakuna kilichozidi wala kupungua. Hata mimi niliona ni kazi safi. Mraba na duara ukivigeuza kushoto kulia vinabaki vilevile, lakini nani alikuwa na wazo hilo, na sambusa ziko moto?

Ndipo ukawekwa ubao wa mvule. Mashine ikanguruma, vumbi likatutimkia, mlinzi akapiga chafya. Ilipotulia, Mutiso akaupuliza ubao, akautazama.

"Boss, hii iko sawa? Mimi hii maandishi siijui."

Ridhaa akainamisha kichwa upande, kama anayechagua zulia. "Iko sawa kabisa. Cheki hiyo finishing."

Nikasogea. Maandishi yote yalikuwa yamegeuka. Yalianzia kushoto, kila herufi inatazama isikotakiwa, kama unayasoma kwenye kioo. Wanafunzi wangu wadogo kabisa wangeangua kicheko. Kaka yangu, mrithi wa Maalim Mbarak, alikuwa akiyapapasa kwa kidole na kutabasamu.

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua.

"Umeona, Nabiha?" akanikatiza. "Nyinyi na chaki zenu. Hiyo chuo nikishaichukua, tunaenda digital."

Nikafunga mdomo. Nikachukua sambusa nyingine. Sijui lini nimewahi kula sambusa tamu kama ile.

Ijumaa kamati ilikuja chuoni imejitia udi. Ridhaa alihutubia juu ya teknolojia mpaka wazee wakaanza kusinzia, kisha akakivuta kitambaa kilichofunika ubao. Wale wazee wote walisomea chumba kile kile. Kila mmoja akaanza kuangalia miguu yake.

Baba aliutazama ubao muda mrefu. "Hebu tusomee, mwanangu," akasema taratibu.

Ridhaa aliyajua maneno. Akaweka kidole upande wa kulia, alikokumbuka Kiarabu huanzia, akasema kwa sauti, "Kuuliza." Kidole kilikuwa juu ya "ujinga". Msichana mmoja wa darasa langu akacheka, mwenziwe akamziba mdomo. Mjumbe mmoja akamnong'oneza Ridhaa sikioni, na nikaona uso wa kaka yangu ukishuka.

"Baba, ni machine. Kuna setting—"

"Mashine haikosei," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi ngazini.

Nilikuwa nimeingoja furaha hiyo usiku mzima. Baba akanigeukia, na ile furaha ikaniishia papo hapo.

"Nabiha, ulikuwako ukichongwa?"

"Nilikuwako, Baba."

"Ukaona?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini ni yeye aliyenifundisha kusoma, na alijua sikosi herufi.

"Niliona."

Akaketi juu ya mkeka polepole, funguo mkononi. "Huyu hajui na hakuuliza. Wewe wajua na hukusema." Hakutuangalia tena, alikuwa akisema na zile funguo. "Sasa watoto wa watu nimkabidhi nani?"

Kamati ikakohoa, ikavaa viatu, ikashuka. Baba akazirudisha funguo kwenye mfuko wa kanzu, kisha akaninyooshea ule ubao. "Chukua," akasema. "Huu ni wako."

Ridhaa ameshairekebisha mashine na sasa anachonga vibao vya namba za nyumba, nasikia vinauzwa sana Lavington. Ubao ule uko kwangu, umekabili kioo cha kabati, na kwenye kioo unasomeka vizuri. Baba bado hupanda ngazi zile mwenyewe, ameshika ukuta, funguo mfukoni.