Mtoto Asiyetajwa

Nasiru Bello alicheka mpaka akavua miwani. Ukutani, mbele ya kamati ya nchi mbili pale Maradi, kulikuwa na mistari miwili ya idadi ya watu hadi mwaka 2050. Ule wa wilaya yake ya Nigeria ulipanda mlima, na ule wa wilaya ya Balkissa Souley, upande wa Niger, ulijikongoja.

"Dada, si nyinyi mnaosifika dunia nzima kwa kuzaa? Mmechoka lini?"

"Cheka tu, mtani. Meno ni yako."

Balkissa alijibu kwa mdomo tu, rohoni alikuwa anaungua. Fedha za hospitali ya uzazi zilitosha moja, na ingejengwa kwenye wilaya itakayozaa zaidi miaka ishirini na mitano ijayo. Kwao hakukuwa na hospitali kama hiyo. Mwaka uliopita jirani yao alifia juu ya mkokoteni wa punda, na mtoto tumboni.

"Hesabu ni yako mwenyewe," alisema Kossi Agbeko, Mtogo aliyeongoza kamati. "Kama ina kosa, nionyeshe. Nakupa wiki moja."

Balkissa akazirudia fomu za wanawake waliohojiwa, moja moja. Siku ya pili akaanza kushangaa. Wanawake wenye ndoa ya miaka mitatu, minne, wengi wao waliandikwa hawana mtoto. Wa ndoa ya miaka ishirini, mtoto wao mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita. Akalisoma tena swali la kwanza: *Taja watoto wako, kuanzia mzaliwa wa kwanza.*

Akajipiga paji la uso. Swali hilo alilipitisha yeye mwenyewe, Mhausa mwenye digrii mbili! Mwanamke gani wa kwao, mwenye haya zake, angemtaja mzaliwa wake wa kwanza mbele ya karani kijana asiyemjua? Mtoto huyo mama hamwiti jina, hamsifu, hambembelezi watu wakiona. Upande wa Nigeria waliulizwa mama wakwe, na bibi hana haya na mjukuu. Ndiyo maana hesabu yao ilikamilika.

Alibakiwa na siku tano. Akapita vijiji ishirini na makarani wake, safari hii wakiwauliza mama wakwe na wake wenza. Mstari wake ukanyanyuka, ukaupita wa Nasiru.

Kossi akautazama kwa jicho la mashaka. "Yaani kila mama amesahau mtoto mmoja, tena yule yule anayekufaa wewe?"

"Hawakusahau. Hawawezi kumtaja."

"Basi nataka kusikia kwa masikio yangu."

"Twende kwao," Nasiru akadakia. "Kama ni uongo, aumbuke mbele ya mama yake."

Tasalla, mama yake Balkissa, aliwapokea uani akawamiminia fura ya uwele na maziwa. Majirani wakajaa, maana gari la serikali halipiti bure. Nasiru akawa mkalimani. Kossi akauliza, "Mama, umezaa watoto wangapi?"

"Wanne."

"Na huyu?" Akamwonyesha Balkissa.

Tasalla akavuta mtandio usoni. "Huyo ni mgeni wenu. Mmekuja naye."

Zuwaira, mke mwenza, uzalendo ukamshinda. "Mgeni! Mgeni gani alikaa tumboni mwako miezi tisa? Si mimi niliyekukanda mgongo ukimzaa? Bwana, andika watano. Wa kwanza ndiye huyo mwenye kompyuta, na huyu mama yake hajamwita jina mwaka wa thelathini na nne huu."

Uani watu wakaangua kicheko. Tasalla akainuka, akaingia ndani upesi. Utotoni jambo hilo lilimliza Balkissa mara nyingi. Leo aliona fahari kuwa mtoto asiyetajwa.

Kossi akamgeukia Nasiru. "Na kwenu ni hivi hivi?"

Nasiru angeweza kukataa, na hospitali ingekuwa yake. Akavua kofia. "Mama yangu ana watoto saba. Ukimuuliza, atakuambia sita. Anayemruka ni mimi. Mpe dada hospitali yake, mzee. Hesabu yake ni ya kweli."

Kossi akafungua faili juu ya goti lake, akatia saini pale pale. "Itajengwa Niger," alisema.

Zuwaira ndiye aliyeanza vigelegele, wanawake wa ua mzima wakamfuata, na Balkissa akacheka huku machozi yanamtoka. Wote uani walipokwisha kuishiwa pumzi, kikabaki kigelegele kimoja kirefu kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia lililofungwa.