Gololi za Mheshimiwa

Mchanga mweupe, mchanga wa Malindi, mchanga uliolala ndani ya karai juu ya meza ya maabara, jua la asubuhi likiupiga hadi ukameremeta kama sukari ya wageni. Kahonzi aliuteka mwenyewe ufukweni, akaubeba kichwani, akapita mbele ya bweni zima kana kwamba amevikwa taji. Kahonzi binti Kitsao, kichwa juu.

Ndani ya karai alitawala Mheshimiwa. Panya mweupe, macho mekundu, sharubu za diwani. Mheshimiwa alikuwa na kifafa, kama Kahonzi; na alikuwa na kazi, kama Kahonzi. Ukimwekea gololi juu ya mchanga, huzifukia. Ukizifukua, huzifukia. Huacha ugali, huacha usingizi, hufukia. Panya mwenzake, Katibu, aliyejaliwa afya, alizipita gololi kama mbunge anavyowapita wapiga kura uchaguzi ukishakwisha.

Kazi ya Kahonzi ilikuwa viatu. Ndara za bweni zima, mlangoni, ncha zikielekea baharini. Akishazipanga hulala, akilala huona moja imepinda, huamka akainyoosha. Moyo haukumpa nafasi. Kengele ikilia, wenzake wako uwanjani, yeye bado amechutama kizingitini, anasogeza kisigino upana wa ukucha.

Kuanguka kwa kifafa alisamehewa. Viatu hakusamehewa. Kwani si ni huyuhuyu Kahonzi aliyetia chumvi kwenye sukari ya walimu? Si ni huyuhuyu aliyemvika mbuzi wa mpishi tai ya shule? Nani angemwamini? Bi Hindu, mlezi wa bweni, mwanamke wa Lamu mwenye funguo tele kiunoni, aliona viatu hivyo ni dhihaka tupu. Na neno lilikuwa la Bi Hindu: akisema hapana, Kahonzi afunge sanduku, arudi kwao Ganze, masomo yaishie hapo.

"Shikamoo, Bi Hindu. Karibu kwa Mheshimiwa," Kahonzi akamlaki mlangoni mwa maabara.

"Marahaba. Mie nimeitwa na huyu Mwalimu Gerishom wa sayansi, sikuitwa na panya. Na wewe, mtoto wewe, bweni langu umelifanya kiwanja cha mzaha!"

Akatikisa kiuno kwa hasira. Funguo zikalia.

Mheshimiwa akatimka. Akazunguka karai mbio, mchanga ukaruka, ukamwagikia ndani ya makubadhi ya Bi Hindu; panya akaanguka, akatetemeka.

"Zishike, Bi Hindu! Zishike funguo!" Mwalimu Gerishom alipaza sauti. "Mlio huo ndio umemwangusha!"

Bi Hindu akazikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mheshimiwa akahema, akatulia, akainuka akiyumba kama aliyetoka kilabuni kunywa mnazi. Maji hakuyatazama. Ugali hakuutazama. Akaiendea gololi ya kwanza, akaanza kufukia.

"Bi Hindu," Kahonzi akauliza, "na huyu naye anakufanyia dhihaka?"

"Kifafa wakati mwingine huja na mwenzake, kazi ambayo mgonjwa hawezi kuiacha," mwalimu akasema polepole. "Si kwa wote. Na panya si mtu. Lakini mtazame."

Bi Hindu akamtazama. Akamtazama sana.

Kahonzi hakulia, hakuinama. "Chumvi ilikuwa yangu, Bi Hindu. Mbuzi alikuwa wangu. Hayo nayataka na nitayajibu. Viatu sivitaki. Vinanitaka vyenyewe."

Bi Hindu akazifunga funguo kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo, hata zikakosa sauti.

"Mwambie mwalimu mkuu," akamwambia Gerishom, "huyu ni wangu, haendi popote." Kisha, akiwa mlangoni: "Na yule mbuzi, tai ilimpendeza."

Kesho yake kengele ilipolia, mwisho wa safu ya ndara palikuwa na makubadhi mapana ya ngozi, ncha baharini, moja limepinda kidogo. Kahonzi akachutama, akalinyoosha. Ndani yake mkamwagika mchanga, mchanga mweupe, mchanga wa Mheshimiwa, ukatandaza kizingitini mwanga mdogo usiomwomba mtu radhi. Akauruka, akaenda uwanjani amechelewa, mbele ya shule nzima. Kahonzi binti Kitsao, kichwa juu.